Ruta isizime, na tokeni ijisome yenyewe

Umeme ukikatika, wengi hudhani na intaneti imekatika. Kwa nyumba zenye faiba, mara nyingi si kweli. Waya ule hupitisha mwanga, na vigawanyio vyake vya mtaani kwa kawaida havitumii umeme. Kilichozimika ni ruta iliyoko sebuleni kwako, nayo haihitaji jenereta. Inahitaji umeme kidogo sana.

Nilianza kwa kusoma maandishi yaliyo mgongoni mwa adapta. Ruta nyingi zimeandikwa 12V, baadhi 9V. Volti ndiyo namba ya kuheshimu, maana ukiizidisha unaunguza kifaa. Kisha nikatafuta kebo ya USB inayopandisha volti 5 za pawabenki hadi 12. Kwa macho inaweza kufanana sana na kebo ya kawaida, kwa hiyo mweleze muuzaji unataka ya kupandisha volti, na nenda na adapta yako ili ulinganishe ukubwa wa kichwa cha kuchomeka.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Pawabenki ya mAh 10,000 hubeba takriban wati-saa 37. Ruta ikila wati 6, na ukitoa umeme unaopotea katika kupandisha volti, unapata kama saa nne na ushee. Zinatosha kumaliza kikao cha kazi na mtoto akamaliza somo lake.

Pawabenki itakaa ukutani muda wote ikiwa imeunganishwa na ruta, kwa hiyo kabla hujalipa, fanya jaribio hili palepale dukani. Chomeka pawabenki ukutani, chomeka simu kwenye pawabenki, halafu uchomoe waya wa ukutani ghafla. Simu ikiacha kuchaji hata kwa sekunde moja, usiichukue hiyo. Kwenye ruta, sekunde hiyo moja maana yake ni kuwaka upya na kusubiri dakika kadhaa. Na nawasihi sana: msiunge betri zilizotolewa kwenye laptop za zamani kama hamna ujuzi huo. Lithiamu ikishika moto, kuizima ni kazi kubwa.

Kero ya pili inanigusa zaidi kwa sababu inamhusu bibi yangu. Tokeni ya Luku, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, ina tarakimu 20. Ukikosea moja, mita inaikataa yote na unaanza upya. Kwa kijana hilo ni usumbufu mdogo. Kwa mzee mwenye mtoto wa jicho, aliyesimama gizani, simu mkono mmoja na mkono wa pili ukipapasa vitufe, ni mateso ya kweli. Mimi ndiye ninayemnunulia umeme kutoka mbali, na meseji inamfikia mara moja. Tatizo lilikuwa ile safari ya kutoka kwenye kioo cha simu hadi kwenye mita.

Simu za Android zina sauti ya kusoma maandishi, na sauti ya Kiswahili ipo. Kwa hiyo niliweka programu ya MacroDroid kwenye simu ya bibi na kuipa sharti moja: meseji ikitoka kwenye namba yangu na ikiwa na neno LUKU, isome kwa sauti. Kuna jambo dogo linaloamua kama kazi itafaulu. Tarakimu zikishikana, simu husoma “elfu nne mia saba na mbili”, na hakuna anayeweza kubonyeza hivyo. Lazima kila tarakimu ifuatiwe na koma, ndipo simu itamke nne, saba, sifuri, mbili. Punguza mwendo wa sauti, na uamuru isome mara mbili. Sasa bibi anaiacha simu kwenye kiti na kubonyeza kwa mikono yote miwili.

Sharti la namba yangu pekee nililiweka kwa makusudi, ili meseji nyingine zisisomwe kwa sauti. Hata hivyo, sharti hilo halipunguzi ruhusa yenyewe. Programu yenye ruhusa ya kusoma meseji inaona pia namba za siri za benki na za miamala ya simu. Usimpe ruhusa hiyo mtengenezaji usiyemjua, hata kama anachokuahidi kinavutia.

Namba ya mita na ya akaunti nazo zisikusumbue. Kwenye kamusi binafsi ya kibodi ya Gboard unaweza kuihifadhi kwa kifupi kama “mtb”, na ukiandika kifupi hicho ikakuletea namba ya mita ya bibi.

Ninachokitaka kwa dhati ni programu moja inayofanya kazi hiyo tu: isome tokeni kwa Kiswahili, tarakimu nne nne, ingoje mtu aguse kioo popote ndipo iendelee. Isidai akaunti wala intaneti, na ifanye kazi kwenye simu ya bei ndogo. Hilo la kungoja MacroDroid yangu hailifanyi, na bibi analihitaji. Wewe unayejifunza kuandika programu na unatafuta kazi ya kuanzia, anza na hii. Ukiimaliza niandikie, tutaijaribu kwenye mita ya bibi.