Tovuti Inapokataa Kufunguka: Ruhusa za Mafaili na Haki ya Mteja

Tuseme kikundi cha wafugaji nyuki wa Kumsenga kimemlipa fundi wa mjini Kasulu akitengenezee tovuti ya kuuzia asali. Katika kompyuta ya fundi kila ukurasa ulifunguka. Tovuti ilipopandishwa kwenye seva, wanunuzi wakakutana na namba 403 na neno “Forbidden”, yaani umekatazwa. Aghalabu mtandao wa simu ndio hulaumiwa kwanza, na watu hununua bando jingine bure. Namba hiyo ni jibu la seva: ombi limefika, ila limekataliwa.

Seva nyingi za tovuti hutumia mfumo wa Linux, ambamo kila faili lina mwenyewe, lina kundi, na lina ruhusa zake. Ruhusa huandikwa kwa tarakimu tatu: ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kundi, ya tatu ya watu wengine wote. Kusoma huhesabiwa 4, kuandika 2, kuendesha 1, na kila tarakimu ni jumla ya hizo. Hivyo 644 maana yake mwenyewe asoma na kuandika, wengine wasoma tu. Kwa folda, ile 1 ni ruhusa ya kupita mlangoni, ndiyo maana folda hupewa 755. Hapa ndipo wengi hukwama: faili laweza kuwa na ruhusa sahihi na bado lisisomeke, kwa sababu folda iliyo juu yake imefungwa. Chumba ki wazi, lakini ua una kufuli.

Fundi mwenye haraka huandika 777 kila mahali. Mara nyingi tovuti hufunguka papo hapo, na mteja hufurahi. Kumbe kila mtumiaji wa seva ile aweza sasa kusoma, kubadili na kufuta, na seva za bei nafuu huhifadhi tovuti za wateja wengi pamoja. Namba ya simu ya kupokelea malipo ya asali yaweza kubadilishwa usiku, na fedha za wanunuzi zikaenda kwingine. Faili la mipangilio, lenye nywila ya hifadhidata, husomwa na asiyehusika, pamoja na majina na simu za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde, na mkusanyaji hapa ni kikundi. Kusema “fundi ndiye aliyefanya” si kinga ya kutegemewa.

Tiba sahihi huanzia kwenye kumbukumbu za makosa za seva, ambazo hutaja faili lililokataliwa. Mara nyingi shida ni mwenye faili: mafaili yalipandishwa kwa jina la msimamizi mkuu, ilhali programu ya tovuti hufanya kazi kwa jina jingine. Hapo hubadilishwa mwenyewe, wala si kuongeza ruhusa. Faili la nywila hutosha kwa 640 au 600, ikiwa programu bado yaweza kulisoma.

Kosa 404 ni jingine. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, Windows kwa kawaida haitofautishi, picha iitwayo “Asali.jpg” haitapatikana ikiwa ukurasa unaita “asali.jpg”.

Kabla ya kulipa sehemu ya mwisho, mteja amwombe fundi aonyeshe orodha ya ruhusa, na aulize sababu ya kila 777 atakayoiona. Kisha apandishe picha moja mwenyewe, aifungue kwa simu nyingine. Jina la kikoa lisajiliwe kwa jina la kikundi, na nywila za seva zikabidhiwe kwa maandishi. Endapo kampuni inayohifadhi tovuti imekataa kutoa kumbukumbu za makosa, malalamiko yaanzie kwake, kwa maandishi, na nakala itunzwe.