Kuganda, Kuzibua na Kugandua: Suala la Istilahi katika Upandikizaji wa Ini

Vena lango hukusanya damu kutoka utumbo na bandama na kuifikisha katika ini. Takriban robo tatu ya damu iingiayo katika ini hupitia humo. Ini likishajaa makovu, mwendo wa damu hiyo hupungua na bonge huweza kufanyika. Kwa miaka mingi baada ya Thomas Starzl kumpandikizia binadamu ini kwa mara ya kwanza, huko Denver mwaka 1963, hali hiyo ilitosha kumnyima mgonjwa ini jipya. Leo jibu hutegemea bonge lenyewe, na hapo ndipo kitenzi kimoja kinapoelemewa.

Kitenzi hicho ni ganda. Damu ya kidonda huganda, na ni heri. Ya ndani ya vena huganda, na ni hatari. Kusema "damu imeganda" ni kutaja mchakato tu, ilhali mpasuaji hutaka kujua bonge limefika wapi na limeziba kiasi gani. Katika uainishaji wa Yerdel na wenzake (2000), daraja la 1 huziba chini ya nusu ya upana wa vena lango na la 2 zaidi ya nusu; la 3 hufika mwanzo wa vena kuu ya utumbo, na la 4 huiziba vena hiyo hadi mbali.

Kauli ya kutendua inafaa hapa, ila si kila mahali. Katika madaraja mawili ya mwanzo bonge hubanduliwa kwenye ukuta wa vena: huku ni kugandua hasa, na kuzibua ni matokeo yake. Katika daraja la 3, aghalabu kipande cha vena ya mtoaji huungwa kama mchepuko. Damu hupita, lakini hakuna kilichozibuliwa. Daraja la 4 huweza kuhitaji vena ya figo, au hata kupandikiza viungo kadhaa kwa pamoja.

Usemi "dawa ya kuyeyusha damu" ndio wenye madhara zaidi. Heparini na wafarini haziyeyushi bonge. Huzuia lisikue, na mwili wenyewe ndio huweza kulimega. Istilahi "kizuiamgando" ni nzito kidogo mdomoni, lakini humwonya mgonjwa mwenye mishipa iliyovimba kwenye umio kwamba akianza kutoka damu, itachelewa kukatika.