Kadi ya picha kwa kompyuta ya Kasongo: tuanze na wati

Wenye studio, wenye sekretaria na vijana wa gemu, Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema, huuliza karibu jambo lile lile wanapojiunganishia kompyuta ya bei nafuu. Fundi anajibu.

Fundi, pesa yangu ni kidogo. Nichukue NVIDIA au AMD?

Kwanza niambie, ndugu, umeme unautoa wapi. Wengi wetu tunaishi kwa paneli za jua na betri, au kwa jenereta, na hapo ndipo hesabu inapoanzia. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2400. Ikiwa ni ya asidi, usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 1200, na inverta nayo inakula sehemu yake. Kadi ya Radeon RX 580 peke yake hufika wati 185. Ukijumlisha mashine nzima na skrini, ikiwa kazini inaweza kugonga 300: saa tatu na kitu, betri imekwisha. Prosesa ya Ryzen 5 5600G imebeba sehemu ya picha ndani yake. Mashine yake ikitumia wati 100 hivi pamoja na skrini, unafanya kazi karibu saa kumi. Kwa kuchapa barua, picha za pasipoti na hesabu za duka, kadi usinunue kabisa. Ila weka RAM mbili zinazofanana, kwa sababu picha ya ndani huazima kumbukumbu hapo. Ikiwa na moja tu, inalegea sana.

Mimi natengeneza video za harusi. Hiyo itanitosha?

Video fupi, ndiyo. Wateja wakiwa wengi, tafuta kadi isiyozidi wati 75, maana hiyo inaweza kupata umeme wote kwenye ubao mama bila waya wa ziada. Hapa majina yana maana. Radeon RX 6400 ya AMD inakula wati 53 tu na inavutia, lakini waliitoa bila sehemu ya kufinya video, yaani kazi yenyewe unayoihitaji. Tena kwenye ubao wa zamani inapungua nguvu. Intel Arc A380 ina GB 6 na inafinya video vizuri sana, lakini inataka ubao wenye Resizable BAR, yaani uwezo wa prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja. Bila hiyo utajuta. Kwa studio mimi nasema GTX 1650 ya NVIDIA, hata iliyotumika. Chagua isiyo na tundu la waya wa umeme, kwani baadhi ya watengenezaji huliweka. Na kama mashine yako ni ile Dell OptiPlex nyembamba ya ofisi, pima kimo kwanza: kadi ndefu haiingii.

Na ASUS, MSI, Gigabyte, Sapphire?

NVIDIA na AMD hubuni chipu. Hao wengine huunda kadi na feni zake. Sapphire hutumia chipu za AMD, wengine hao wametumia za wote wawili. Kwa kadi ndogo usilipe dola za ziada kwa sababu ya jina. Zungusha feni kwa kidole, uone kama inacheza au inakwaruza.

Intaneti yetu ni ya kununua kwa mega.

Basi hapo AMD inashinda, kama unatumia Linux: draiva yake imo tayari ndani ya mfumo. Draiva ya NVIDIA ni mamia ya mega. Anayekwenda Bukavu au Kindu akuletee kwenye flashi.

Madini ya kadi hizi yanatoka kwetu. Kuna kampuni iliyo safi zaidi?

Bati la kuunganishia vifaa hutokana na kasiteriti, tantalamu hutokana na koltani, na Maniema ina yote mawili; dhahabu iko Namoya, huko huko Kabambare. Kwa sababu ya sheria ya Marekani ya 2010, NVIDIA, AMD na Intel hutoa ripoti kila mwaka kuhusu madini ya Kongo na majirani zake. Ripoti hizo siwezi kuzitumia kukuambia yupi anamtendea haki mchimbaji wa Salamabila, huko Kabambare. Inaniuma kwamba anayelichimba bati hilo mara nyingi hana hata taa ya kusomea nyumbani kwake. Kadi iliyotumika angalau haihitaji jiwe jipya.

Nitaijuaje feki?

Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijiite GTX 1050 Ti. Ukiona hiyo ina tundu la buluu la VGA, shtuka: chipu ya kizazi hicho haitoi tena ishara hiyo. Weka programu ya GPU-Z kwenye flashi na uifungue mbele ya muuzaji; ikitambua udanganyifu, huandika neno FAKE mbele ya jina. Kisha iache kadi ichezeshe gemu au ifinye video kwa nusu saa, maana nyingi zilichimbishwa sarafu ya kidijitali ya Ethereum mchana na usiku hadi Septemba 2022, na feni zimechoka. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mwachie kadi yake.