Jibwa, Kijibwa au Mbwa? Somo la Ukubwa na Udogo Kutoka Shambani Vanga

Naandika kutoka Vanga, ncha ya mwisho ya pwani ya Kenya, ambako ukiivuka mikoko kitambo kidogo unakuwa umeingia Tanzania. Mhariri wetu ameniomba niandike somo la ukubwa na udogo wa nomino. Wengi huliona somo hili kavu kama ng'onda. Kwetu nyumbani, lakini, liliingia mlangoni likizo ya Agosti mwaka jana, tena likibweka. Hebu nikusimulie.

Tuna shamba la mahindi na muhogo nyuma ya mji, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Baba ni mvuvi, na akipiga dago huweza kumaliza wiki mbili hajarudi. Kwa hivyo shamba ni la mama na bibi. Msimu huo nguruwe mwitu waliingia usiku, nyani wakaingia mchana. Tulizoea kuvuna magunia saba, tukapata mawili. Karo yangu ya muhula wa tatu ilikuwa ndani ya yale matano yaliyoliwa.

Mjomba wangu ni bawabu wa nyumba moja kule Diani. Mwenye nyumba alikuwa anarejea kwao Ulaya, naye ana mbwa wawili wa kugawa. Mjomba akapiga simu: "Dada, chagua mmoja. Kuna jibwa la Kijerumani, likisimama kwa miguu miwili linanifika kifuani. Na kuna kijibwa, hakizidi paka, chalala juu ya mto. Nipe jibu kabla ya Ijumaa."

Mama akataka jibwa. Mdogo wangu akalilia kijibwa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Bibi akauliza: "Kwanza nambieni, mwataka akafanye kazi gani?"

SARUFI KWANZA

Mzizi wa neno mbwa ni -bwa. Kwa kuwa ni wa silabi moja, katika ukubwa tunauongezea ji-: jibwa, wingi majibwa. Katika udogo tunaongeza ki- mbele ya hiyo ji-: kijibwa, wingi vijibwa. Ni kama mtu, jitu, kijitu.

Upatanisho nao hubadilika. Tunasema: Mbwa yule amebweka. Jibwa lile limebweka. Kijibwa kile kimebweka. Umeona? Akiwa mbwa wa kawaida hupata kiambishi a-, kama mtu na kama kiumbe chochote chenye uhai. Akishakuzwa au kudogoshwa, anaangukia li- au ki-, sawa na jiwe au kiti. Tena ukubwa si sifa kila mara. Ukiita kitu jibwa waweza kuwa unakisifu kwa nguvu, waweza pia kuwa unakidharau. Kijibwa vilevile: mara ni mapenzi, mara ni kejeli. Shika jambo hilo, tutalirudia mwishoni.

HOJA ZA JIBWA

Mbwa wa Kijerumani aitwaye German Shepherd alianza kutengenezwa kama aina maalumu mwaka 1899, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchunga kondoo. Dume hufikia kilo 30 hadi 40. Ana akili, anafundishika, ndiyo maana polisi wa nchi nyingi humtumia. Mwizi akimwona tu, anageuza njia.

Lakini tazama upande wa pili. Kwanza ni chakula: mbwa wa kilo 40 hashibi makombo, na kwetu kuna siku hayo makombo yenyewe hayapo. Pili ni joto. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema ulimi nje. Mwenye manyoya mazito hutaabika kwa jua letu la Januari. Tatu, na ndilo kubwa, ni majirani. Mji wetu nyumba zimebanana, watu hukaa barazani, na watoto hupita vichochoroni kwenda chuoni na juzuu mkononi. Jibwa lisilofunzwa, katika nyumba isiyo na ua, halitamuuma mwizi. Litamuuma mtoto wa jirani.

HOJA ZA KIJIBWA

Usikidharau kijibwa. Chihuahua, mwenye asili ya Meksiko, kwa kawaida hazidi kilo 3, na chakula chake ni kidogo. Yorkshire Terrier wa Uingereza, anayefungwa utepe kichwani siku hizi, zamani alikuwa mfanyakazi wa kukamata panya viwandani. Tena mbwa wadogo kwa kawaida huishi miaka mingi kuliko wakubwa. Masikio yao ni makali, na kubweka ni nusu ya ulinzi: mwizi hapendi kelele.

Ila kazi yetu haikuwa ya mwizi wa nyumbani. Ilikuwa ya nyani. Dume la nyani wa pwani hupita kilo 20, na chonge zake si za mzaha. Kumpeleka kijibwa mbele yake ni kumpelekea kitoweo.

MASHARTI YANAYOWAHUSU WOTE

La kwanza ni dini. Sisi wengi wa Vanga ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mama aliogopa hilo, akaenda kumwuliza ustadhi. Akaelezwa kwamba kufuga mbwa kwa mapambo tu ndiko kunakokatazwa. Mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba ana ruhusa. Ustadhi akamkumbusha pia hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumteka maji mbwa mwenye kiu, akayabeba kwa kiatu. Basi kumpa kazi ni halali, kumtesa si halali. Kwa hivyo, mbwa wetu angekaa shambani, na sahani yake mwenyewe.

La pili ni kichaa cha mbwa. Maradhi haya yalithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912. Duniani hukadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishatokea ni nadra mno mtu kupona. Hayachagui mkubwa wala mdogo. Mbwa huchanjwa afikapo miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kwa ratiba ya afisa wa mifugo. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe. Usipake pilipili, usingoje uone kama mbwa atakufa.

La tatu ni mbung'o. Kwale yetu ina mbung'o, na ugonjwa wanaoueneza huwapata mbwa pia. Mbwa aliyezoea kulala juu ya mto hajui vita hivyo.

TULICHOAMUA

Siku ya Alhamisi mama alipiga simu. "Kaka, ahsante, lakini si jibwa wala si kijibwa. Niachie nitafute mbwa." Mjomba akacheka, akawatafutia wale wawili makao palepale Diani.

Sisi tulipata watoto wawili wa mbwa wa kienyeji kutoka kwa mkulima mmoja wa upande wa Lunga Lunga, kwa kikapu cha ng'onda. Rangi ya mchanga, masikio yamesimama, miguu mirefu, mwili wa wastani. Walipofika miezi mitatu tukawachanja. Walikula ugali na vichwa vya samaki, wakalala chini ya dungu, na bibi juu yake. Mji hawakuujua.

Mwaka huu mahindi yalipobeba, nyani walikuja kama kawaida yao. Mbwa wakabweka, bibi akapiga debe, nyani wakarudi mwituni. Hivyo ndivyo ilivyokwenda wiki nyingi: mbwa husikia, mtu hufukuza. Kosa letu lilikuwa siku moja tu. Palikuwa na maziko mjini, tukaenda sote, tukawaacha mbwa peke yao. Tuliporudi, mmoja alikuwa amelala kando ya muhogo, amechanwa shingo. Mwenziwe alikuwa bado anabweka, sauti imemkauka.

Mdogo wangu akasema kwa huzuni, "Kijibwa chetu kimekufa." Bibi akamkatiza: "Sema amekufa. Alikuwa mlinzi."

Tulivuna magunia matano. Karo ya muhula huu imelipwa, ndiyo maana unaisoma makala hii.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, ukitaka kufuga mbwa usianze kwa kupima kimo chake. Jiulize: Kazi gani? Atakula nini? Atakaa wapi, na majirani watasemaje? Nani atampeleka kuchanjwa? Mbwa wa nyumba ya Diani yenye ukuta na geti si mbwa wa shamba la Vanga. Na umchague yupi, mkubwa au mdogo, usimwachie kazi yako. Mbwa ni mwenzi wa mlinzi, si badala yake.

ZOEZI

1. Andika katika ukubwa, kisha udogo: Mbwa huyu mkali amemfukuza nyani.
2. Taja hali moja ambapo neno "kijibwa" ni la mapenzi, na moja ambapo ni la kejeli.
3. Kwa nini bibi alimkataza mjukuu wake kusema "kimekufa"? Eleza kwa kutumia upatanisho wa kisarufi.
4. Jadilini katika vikundi: Jirani yako anataka kufuga jibwa katika nyumba isiyo na ua. Utamshauri nini, bila kumvunjia heshima?