Watoto Wakisoma kwa Pamoja, Nani Anasoma Kweli?

Pita karibu na darasa la gredi ya kwanza asubuhi, iwe Litein, Sotik au shule iliyo katikati ya mashamba ya chai, utasikia sauti moja: ba, be, bi, bo, bu. Kusoma kwa pamoja kunasaidia. Mtoto mwoga hujificha katika sauti za wenzake na kujaribu bila kuchekwa. Shida ni kwamba mtoto asiyejua kusoma naye hujificha humo humo, na anaweza kufika gredi ya tatu akiwa hodari wa kuitikia tu.

Programu ya Tusome, iliyoanza kote nchini mwaka 2015, iliwazoesha walimu hatua tatu: mwalimu anasoma, kisha wote wanasoma, kisha mwanafunzi anasoma mwenyewe. Hatua ya tatu ndiyo hurukwa muda ukibana, nayo ndiyo inayoonyesha ukweli. Darasa likiwa na watoto 40, mwalimu akisikiliza watano kila siku, atawamaliza wote kwa siku 8 za shule. Wengine wakati huo wasome wawili wawili, kitabu kimoja katikati, mmoja akisoma na mwenzake akifuata kwa kidole. Wabadilishane kila sentensi. Msimweke mtoto hodari na hodari mwenzake kila siku.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo mwalimu mgeni huenda asilitambue. Kipsigis haitenganishi maneno kwa p na b, t na d, wala k na g, na haina sauti za f, v na z. Kwa hiyo mtoto anayesoma “pata” mahali pa “bata”, au “sana” mahali pa “zana”, si mjinga wala mzembe. Sikio lake halijazoea tofauti hiyo. Kumkaripia hakusaidii. Mpe maneno mawili mawili ayasikie kwanza, kisha ayatamke, ndipo ayasome: tamu na damu, panda na banda, kamba na gamba. Aweke kiganja mbele ya mdomo. Kwa kawaida pumzi ya “pa” husikika zaidi kuliko ya “ba”. Katika shule za mashambani, ambako watoto wa Wakipsigis, Wakisii, Waluo na Waluhya huketi dawati moja, mwenzake anayeitofautisha sauti ni msaada mkubwa. Wapangeni pamoja.

Kwa watoto wa PP1 na PP2, ambao kikatiba elimu yao ni jukumu la kaunti, msiharakishe vitabu. Nyimbo, hadithi, vitendawili vya Kipsigis na kupiga makofi kwa kila silabi ya jina la mtoto vinatosha kuandaa sikio.

Mzazi naye, hata akirudi jioni amechoka kwa kuchuma chai, na hata kama yeye mwenyewe hakusoma, anaweza kusikiliza kwa dakika kumi. Mwambie mtoto aguse kila neno analolisoma. Kidole kikibaki nyuma ya mdomo, amekariri. Mwambie basi aanze na sentensi ya mwisho ya ukurasa, huku picha ukiifunika kwa mkono. Akikwama, mjulishe mwalimu wiki hiyo hiyo, msingoje ripoti ya mwisho wa muhula.