Somo la Kiingereza: Kuunga Habari Mbili Ziwe Moja

Katika kata ya Kahororo, mjini Bukoba, iko shule ya sekondari yenye jina hilo hilo. Shule za msingi za serikali zafundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, lakini kijana aingiapo sekondari hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Huko hapimwi kwa wingi wa maneno aliyoyakariri, bali kwa namna ayaungavyo. Basi leo twataka kuwaonyesha walimu, wazazi na vijana jambo linalowakosesha wengi, nalo ni matumizi ya maneno "who", "which", "that", "whom" na "whose".

1. Tofauti ya lugha mbili

Sisi tukisema "mwalimu aliyekuja", ile "-ye-" iliyo ndani ya kitenzi ndiyo inayounga. Nayo hugeuka kwa kufuata jina: mti ulioanguka, kitabu kilichopotea, mayai yaliyovunjika. Kiingereza hakitii kitu ndani ya kitenzi. Huweka neno la peke yake baada ya jina. Linalofanana nalo kwetu ni "ambaye": mwalimu ambaye alikuja.

Wala Kiingereza hakiangalii ngeli zetu. Chauliza jambo moja tu: ni mtu, au si mtu? Mtu ni "who". Kitu au mnyama ni "which". Na "that" hufaa kwa vyote. Asomaye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 atakuta "which" limetumiwa kwa watu pia. Asishangae, maana ndiyo desturi ya zamani. Lakini leo asiifuate.

2. Namna ya kuunga

Tazameni habari mbili hizi:

The fisherman lives at Kahororo. He sold me a fish.

"He" ni yule yule "fisherman". Liondoeni neno "he", wekeni "who" mahali pake, kisha habari hiyo ikae karibu na jina lake:

The fisherman who sold me a fish lives at Kahororo.

Kukaa karibu ni sharti. Mtu akiandika "I gave the bananas to the goats that were rotten", msomaji atadhani mbuzi ndio waliooza! Yafaa aandike: "I gave the bananas that were rotten to the goats."

3. Kosa lililoenea

Kwa Kiswahili twaweza kusema "kitabu nilichokinunua", na ile "-ki-" ya pili haidhuru neno. Kwa sababu hiyo mwanafunzi huandika: "The book which I bought it is lost." Hili ni kosa. "Which" limekwisha kushika mahali pa "it", na wawili hawakai katika kiti kimoja. Sema: "The book which I bought is lost."

Kadhalika usiseme "the woman who she came", bali "the woman who came". Usiseme "the clerk whom I wrote to him", bali "the clerk to whom I wrote". Na katika habari za mwenye kitu, sisi husema "mzee ambaye shamba lake liliungua". Lakini Mwingereza huyatia maneno "ambaye" na "lake" katika neno moja: "the old man whose farm was burnt". Ukiandika "who his farm", umekosa.

4. Mkato mdogo, hasara kubwa

Tuseme tangazo limebandikwa mlangoni pa ghala, wakati wa kupokea kahawa ya maganda:

The farmers who brought damp coffee must take it back.

Maana yake ni kwamba wale tu walioleta kahawa yenye unyevu ndio watakaoirudisha. Wengine kahawa yao imepokewa. Sasa karani atie mikato miwili:

The farmers, who brought damp coffee, must take it back.

Maana imegeuka kabisa: wakulima wote walileta kahawa yenye unyevu, na wote sharti waichukue. Mkulima aliyeanika vema siku nyingi juani anarudishwa nyumbani na magunia yake kwa ajili ya mikato miwili tu.

Kanuni ni hii: habari ikiwa ya kuchagua wachache katika wengi, usitie mkato. Ikiwa ni ya kuongeza maelezo tu juu ya mtu au kitu kinachojulikana tayari, tia mkato: "Bukoba, which lies on Lake Victoria, receives much rain." Bukoba tunaoutaja ni mmoja tu, hakuna wa kuchagua. Na katika habari ya namna hii usitumie "that".

Basi mtu asitie sahihi tangazo, mkataba au barua ya Kiingereza kabla hajaitazama mikato yake.

5. Zoezi

Ungeni kila jozi iwe sentensi moja:

(a) The teacher is ill. He teaches my son.
(b) The canoe has sunk. We hired it.
(c) The widow has gone to the court. Her land was taken.

Majibu: (a) The teacher who teaches my son is ill. (b) The canoe which we hired has sunk. (c) The widow whose land was taken has gone to the court.

Aliyeandika "which we hired it" katika jibu la pili na arudie fungu la tatu. Mwalimu naye aweza kutunga jozi nyingine kwa mambo ya kijijini kwake, maana mtoto hushika upesi neno la kitu akijuacho.