Deni, Akiba na Mabati: Hesabu ya Nyumba Moja

Mwenye nyumba abakiwapo na shilingi chache mwisho wa mwezi, mambo matatu humwita kwa pamoja: deni lataka kulipwa, akiba yataka kuwekwa, na nyumba yenyewe inavuja. Katika somo la juma hili twapenda kuonyesha lipi litangulie na kwa sababu gani.

Tuwachukue mume na mke wakaao na watoto wao katika nyumba yao wenyewe, kando ya mji wa Nakuru. Ni watu wa kufikiriwa tu, lakini huenda msomaji akawatambua. Bwana ni mlinzi wa usiku, mshahara wake shilingi 21,000 kwa mwezi. Bibi huuza mboga sokoni, na faida yake ni kama shilingi 9,000. Jumla ni 30,000. Katika hizo, chakula na makaa huchukua 12,000, karo ya watoto, ikigawanywa kwa miezi, 4,500, nauli 2,500, maji na taa 1,500, michango ya kanisa, misiba na harambee 1,500, na mchango wa SACCO 1,000. Yote ni 23,000. Zabaki 7,000.

Hapo Bwana atacheka na kusema kwamba hajapata kuziona hizo 7,000 hata siku moja. Naam, hajaziona, kwa kuwa hazikuandikwa. Basi kazi ya kwanza ni daftari la senti hamsini na kalamu: kila kitakachotoka kiandikwe siku hiyo hiyo kwa mwezi mzima, hata chai ya kibandani. Mke na mume waandike katika daftari moja. Madaftari mawili huleta ugomvi. (Tumesema senti hamsini kwa mazoea ya wazee, siku hizi bei yake ni zaidi.)

Sasa tuyatazame madeni. Wanadaiwa shilingi 12,000 za mkopo wa simu, na 3,000 dukani. SACCO wana akiba ya 15,000. Paa limeoza kwa kutu, na fundi ametaka 21,000 kwa mabati, misumari na ujira wake. Tuseme ni mwisho wa Septemba, na mvua za masika zatazamiwa Machi. Bwana ataka kukopa tena kwa simu, ili paa liezekwe upesi. Bibi ataka kila shilingi iende SACCO, deni la simu lingoje. Kila mmoja ana sababu yake, walakini hesabu hairidhii shauri la yeyote kati yao.

Huduma ya M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa mwezi mmoja. Tutumie kiwango hicho. Kwa 12,000, ada ni shilingi 900. Watu wetu wawili hulipa mkopo mwisho wa mwezi, kisha hukopa tena jioni ile ile, maana mfuko umebaki mtupu. Hivyo kila mwezi 900 zatoka, na deni halipungui hata kidogo. Kwa mwaka ni 10,800, karibu sawa na deni lenyewe.

SACCO nyingi hutoza asilimia moja kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Shilingi 12,000 zikilipwa kwa miezi 12, elfu moja kila mwezi, riba yote ya mwaka ni 780. Yaani riba ya mwaka mzima huko ni ndogo kuliko ada ya mwezi mmoja huku! Basi wakope SACCO, wafunge deni la simu, wala wasilifungue tena. Wadhamini waambiwe kweli yote, kwa sababu mkopaji akishindwa, akiba yao ndiyo itakayokatwa.

Jambo moja huwapotosha wengi. Akiba ya SACCO ni dhamana ya mikopo, na kwa kawaida mwanachama hawezi kuitoa mpaka ajitoe katika chama. Mtoto akipatwa na homa usiku wa manane, fedha hizo hazitamfaa. Kwa hiyo hapana budi kuwe na kibindo kingine, benki au penginepo, cha 1,000 kila mwezi. Asiye na kibindo atairudia simu tu.

Basi mwezi wa Oktoba watalipa SACCO 1,120, dukani 1,500, na kibindo 1,000. Zitabaki 3,380 za paa. Novemba zitabaki 3,390. Deni la duka likiisha, Desemba zitabaki 4,900, Januari 4,910 na Februari 4,920. Jumla ni 21,500. Fundi atalipwa mabati kabla ya masika, na katika kibindo mna 5,000. Desemba ndio mwezi wa hatari, kama kila mtu ajuavyo.

Wanunuapo mabati, waulize geji. Geji 28 ni nene kuliko 30, ingawa tarakimu yake ni ndogo. Wengi wamedanganyika hapo. Baada ya paa, yafuate mabomba ya kukingia maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja; paa la mita 40 za mraba, kwa mvua ya milimita 10, hutoa lita 400. Hata zikipotea 80, iliyobaki ni mitungi 16 ya lita 20 ambayo Bibi hatainunua. Rangi ya ukutani na viti vipya vya sebuleni vingoje, maana havirudishi kitu.

Na kama ugonjwa ukila kibindo mwezi wa Januari, paa liahirishwe mwezi mmoja, matundu yazibwe kwa lami, na ndoo iwekwe chini ya penye kuvuja.